Mababu Saba wa Shekuwe

Paukwa!

— Pakawa.

Mnaitikia kama watu waliolala njaa. Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa bwana harusi, pakawa bibi harusi, na katikati yao pakawa majina saba. Haya, sogeeni, na mwenye kukohoa akohoe sasa.

Hapo kale, katika mji wa Kichangamwe, aliishi fundi wa kupaka nyumba chokaa, jina lake Shekuwe. Shekuwe alimpenda Mwanatumu, binti wa Bwana Madi, na Mwanatumu alimpenda yeye. Yangekuwa ni hayo tu, ningekwisha maliza mkaenda zenu.

Lakini mji ule ulikuwa na mila yake. Anayeposa husimama mbele ya wazee wa binti, akawataja babu zake saba, mmoja mmoja, na kazi ya kila mmoja. Akimaliza, wenyeji nao huwataja wao. Na Bwana Madi alikuwa mkali, sijapata kuona. Akaja mposaji wa kwanza, akafika jina la tatu: basi, nenda. Akaja wa pili, akafika la nne: basi, nenda. Akaja wa tatu, masikini ya Mungu, akafika la sita. Basi, nenda.

Shekuwe alijua majina matatu tu. Akaenda kwa shangazi yake, Bi Zawena, akamuuliza babu wa nne alikuwa nani. Shangazi akasema hajui, huku anatazama mlango. Akauliza tena. Shangazi akajitia kukoroga uji. Alipouliza mara ya tatu, aliweka mwiko chini akakaa.

"Mwanangu, wa nne alikuwa haramia wa baharini. Akivamia vyombo vya watu, akiwavua mpaka vilemba."

"Na wa tano?"

"Haramia."

"Na wa sita?"

"Huyo ndiye aliyewafundisha."

Wa saba alikuwa mchungaji wa mbuzi, mtu mpole sana, ila mbuzi wenyewe hawakuwa wake.

Jamani, Shekuwe alilia. Shangazi akamshauri aseme walikuwa walimu wa chuoni; nani atafufuka aje kumsuta? Basi akajifunza siku tatu. Mwalimu, mwalimu, mwalimu. Lakini kila akisema, roho inamsuta, maana aliwaza jinsi Mwanatumu atakavyokuja kuwasimulia watoto wao uwongo ule.

Siku ikafika. Wazee wamekaa mikekani, akina mama wako nyuma ya pazia, na Mwanatumu yumo humo. Shekuwe akataja wa kwanza, wa pili, wa tatu. Bwana Madi akainua mkono amkatize. Shekuwe, jasho linamtiririka, akayamwaga yote kwa mkupuo: wa nne haramia, wa tano haramia, wa sita mkubwa wa maharamia, akiitwa Mwinyi Shoka, na wa saba mwizi wa mbuzi.

"Huo ndio ukoo wangu," akasema. "Mkinifukuza, nifukuzeni kwa ukweli."

Mkono wa Bwana Madi umebaki juu. Mnadhani alifanyaje? Wewe unayetikisa kichwa, hujui, tulia. Mkono ulishuka taratibu, na yule mzee akaanza kucheka, akacheka mpaka akalia.

"Mwinyi Shoka? Babu yangu wa sita ndiye aliyekuwa akimshikia usukani."

Kumbe! Mlidhani ni ukali? Alikuwa akiwakatiza waposaji kabla hawajamaliza, isije ikafika zamu yake ya kutaja wake. Miaka yote hiyo hofu imemkaa kooni, na mtoto wa watu anakaa nyumbani bila mume. Nyuma ya pazia mama mzazi wa Bwana Madi akasema afadhali, maana yeye alikwisha choka kuwaita mababu wale walimu.

Bwana Madi akasimama, akawataja wake saba, hakumficha hata mmoja. Alipomaliza aliomba maji, akanywa kata nzima, akashusha pumzi.

"Sasa tunajuana," akamwambia Shekuwe. "Karibu nyumbani, mwanangu."

Shekuwe akakaa chini pale pale, anacheka peke yake. Na vigelegele vya kwanza siku ile alivipiga bibi harusi mwenyewe, jambo ambalo si mila hata kidogo.

Hadithi yangu imetia nanga. Aliyeipenda aende nayo kwao, asiyeipenda aniachie, nitamlisha mwingine.