Watatu Waliouwahi Mto Mkasu

Sogeeni karibu, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza, maana kisa hiki kina watu watatu na zawadi moja.

Katika ofisi ya vipimo vya maji, kando ya Mto Mkasu, walifanya kazi watu watatu. Sikudhani alijaliwa subira: aliweza kusoma lalamiko la kompyuta neno kwa neno, kama mtu achambuaye mchele. Filbati alijaliwa ukali: hakupita juu ya jambo lililofunikwa bila kulifunua. Asumini, mgeni wa mwezi mmoja kazini, alijaliwa jicho la kuona kitu kilizaliwa wapi na kilifia wapi. Mkuu wao alikuwa Bi Ligate, mwanamke asiyependa kumhukumu mtu kabla hajamsikiliza mpaka mwisho.

Ofisi ilikuwa na programu iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Perl. Ilisoma kina cha maji kwenye kituo cha juu ya mto, na kina kikizidi, iliwatumia watu wa bondeni meseji ya kuwahamisha. Na palikuwa na desturi: mstari wake wa kwanza hubeba jina moja tu, la mlezi wake. Mlezi wa zamani alikuwa amestaafu. Nafasi ilikuwa wazi, na kila mmoja aliitamani.

Asubuhi moja ya masika, mlinzi wa kituo cha juu alipiga simu. "Bi mkubwa, maji yamepita alama nyekundu. Kwenu yatafika saa kumi jioni."

Bondeni watu mia tatu walikuwa wakivuna mpunga, na mpaka kilimani ni mwendo wa saa tatu. Namba zao zote zilikuwa ndani ya programu. Bi Ligate akaiendesha. Ikagoma: kosa la sintaksia, yaani la mpangilio wa maandishi, mstari wa arobaini na moja. Jana yake yeye mwenyewe alikuwa ameigusa, na hakuijaribu.

"Wanangu, nimeharibu," akasema. "Niokoeni kwanza, mtanisema baadaye."

Sikudhani akaketi wa kwanza. Akalisoma lalamiko, akalirudia tena.

"Dada Siku, ukisoma hivyo maji yatatukuta hapa," Filbati akamtania.

"Yatanikuta ninajua kosa liko wapi." Mstari wa arobaini na moja haukuwa na ila yoyote. Akapanda mmoja juu yake. Hapo sentensi ilikuwa imeachwa bila nuktamkato mwishoni, na kompyuta ilikuwa imeunganisha mistari miwili isiyoungana. Akaiweka. Programu ikaamka, ikaandika: "Mto uko salama."

Wakatazamana. Ilikuwa saa tano na robo.

Filbati akavuta kiti. Akapanda hadi juu kabisa ya programu, akaikuta amri inayodai kila kigeu, yaani jina linalobeba thamani, kitangazwe kabla ya kutumiwa. Ilikuwa imezimwa.

"Nani kamziba huyu mdomo?"

Bi Ligate akainua mkono kama mwanafunzi. "Alikuwa akinigombeza kila nikiandika."

"Mama, mgomvi huyu ndiye shahidi wetu!" Akaiwasha. Papo hapo kompyuta ikaelekeza kidole: mstari wa hamsini na nane, kigeu kiitwacho "kina" hakijatangazwa. Filbati akakitangaza hapo hapo. Lalamiko likaisha. Lakini mto, kwa maneno ya programu, ukabaki salama.

"Kaka Filbati," Asumini akasema taratibu, "hapo umemzaa somo yake tu, wa jina moja naye."

"Somo ya nani?"

"Ya 'kina' mwenyewe. Tazama." Juu kidogo, ndani ya mabano ya sehemu inayosoma kituo, kigeu cha jina hilo kilikuwa kimetangazwa, kikapewa kipimo cha kweli, na mabano yalipofungwa kikafa na kipimo chake. Kile cha nje kilikuwa mtu mwingine, mikono mitupu; na mikono mitupu, kwa kompyuta, ni sifuri. Asumini akafuta matangazo yote mawili, akaandika moja tu, juu, kabla ya mabano kufunguliwa.

Saa sita kasoro dakika tano programu ikasema: "Mita sita nukta mbili. HATARI." Meseji mia tatu zikaondoka.

Saa kumi kasorobo mwenyekiti wa bondeni alipiga simu, akihema. "Tuko kilimani wote! Hata kuku tumewabeba!" Nyuma yake zilisikika nderemo. Mto ukafika na hasira zake, ukakuta mashamba hayana mtu. Ofisini Bi Ligate alipiga kigelegele hadi watu wa barabarani wakachungulia.

Kisha akaufungua mstari wa kwanza. "Nimwandike nani?"

"Bila mimi isingeamka," Sikudhani akasema.

"Iliamka ikatudanganya," akajibu Filbati. "Mimi ndiye niliyeonyesha uongo ulipojificha."

"Ukauonyesha, ukauacha palepale," Asumini akasema. "Ukweli nimeutoa mimi."

Bi Ligate aliwatazama mmoja mmoja. Kila aliyemwondoa akilini, aliwaona watu mia tatu wakiwa bado mashambani. Vidole vyake vikasimama juu ya herufi.

Enyi mnaosikiliza, nafasi ya jina ni moja tu. Ungekuwa wewe kwenye kiti kile, ungemwandika nani?