Nyumba ya Karibu na Bomba

Hapo zamani, nayo si zamani ya mbali, maana mashine yenyewe bado inanguruma, kulikuwa na chuo cha misitu huko milimani. Chuo hicho hakikutaka barua pepe zake zilale kwa watu baki. Kilinunua seva yake, kikaiweka katika chumba chenye feni, ikawa posta ya chuo. Mtumishi akitaka kusoma barua, alifungua ukurasa wa posta hiyo kwenye kompyuta. Kiduara kikazunguka. Akaenda kunywa chai, akarudi, kiduara bado kinazunguka.

Chuoni palikuwa na Mwalimu Nakijwa, aliyefundisha elimu ya udongo. Aliishi mtaa wa juu na mama yake mzazi, aliyevunjika nyonga. Kila siku ya kliniki Nakijwa alimbeba mgongoni kushuka ngazi za mawe, na mama alinyamaza njia nzima ili mwanawe asijue anavyoumia. Kwa hiyo Mkuu wa chuo, Dk. Shekalaghe, alipotangaza kwamba atakayeifanya posta ifunguke haraka atapewa ile nyumba tupu ya tambarare, karibu na bomba, watumishi wengine walicheka. Nakijwa hakucheka.

Alikwenda kwa Bwana Hizza, mkuu wa kompyuta.

"Bwana Hizza, posta ina nini?"

"Mtandao huo, Mwalimu."

Alipokwenda tena, haukuwa mtandao, zilikuwa kompyuta zao za kizamani. Alipokwenda tena, ulikuwa umeme. Alipozidi kumsumbua, Hizza aliizima seva, akaiwasha, akajifuta jasho kama aliyetoka kupasua kuni.

"Jaribu sasa."

Kiduara kikazunguka.

Nakijwa akafanya kama anavyofanya na udongo, akatenga tabaka moja na jingine. Alimwomba Hizza amfungulie sanduku jipya la barua, lisilo na kitu. Likafunguka papo hapo. Akasoma barua zake kwa simu, kutoka seva ileile, bila kupitia ule ukurasa. Zikaja. Basi mashine haikuchoka, wala mtandao haukufa. Akarudi kwenye ukurasa, akawa anayaficha mafolda yake moja baada ya jingine. Alipolificha folda la Matangazo, kiduara hakikupata hata nafasi ya kuzunguka.

Sasa msikie habari za Matangazo. Tangazo la Mkuu lilichapwa, likatiwa saini, likagongwa muhuri, likapigwa picha kubwa ili muhuri uonekane vizuri, ndipo likatumwa kwa wote. Kila aliyelipokea alitakiwa alichape, aandike "Nimeona", atie saini, apige picha, arudishe kwa wote. Mbuzi akiingia bustanini, tangazo. Mbuzi akitolewa, tangazo. Chuo kizima kikaona, kikapiga picha kwamba kimeona. Zote zilikaa katika folda moja la watu wote, na kila mtu alipofungua posta, ukurasa ulilipitia folda zima kwanza, barua kwa barua, kuhesabu ambazo hajazisoma.

Nakijwa akampelekea Hizza aliyoyaona. Hizza alitazama, akavuta kiti.

"Hili naliweza," akasema.

Na kweli aliliweza. Aliitengenezea seva faharasa, iwe inatazama humo badala ya kupekua folda zima. Akaandaa mpango wa kulifanya Matangazo limfungukie anayelitaka tu. Lakini Mkuu alikwisha kuamuru matangazo yake yafunguke kwanza kwa kila mtu, na asiyaguse yeyote bila idhini yake. Mkuu naye alikuwa safarini. Wakamwandikia kumwomba. Hakujibu, barua ilikuwa haijamfungukia.

Hapo akaingia Bi Shangwe, katibu muhtasi wa Mkuu, mwenye kulitunza nenosiri lake.

"Mmekaa kama mmefiwa. Mnataka nini?"

"Idhini ya Mkuu."

"Sogea, kaka."

Akaingia kwa jina la Mkuu, akaidhinisha. Posta ikafunguka. Watu wakaanza kukosa sababu ya kwenda chai.

Mkuu akarudi, akapokea pongezi, mpaka alipouliza matangazo yake yako wapi. Bi Shangwe akapewa onyo la maandishi, lenye muhuri. Kisha Mkuu akaitisha kikao cha watumishi, akauweka ufunguo wa nyumba mezani.

"Nani aliyeitengeneza posta?"

"Mimi," akasema Nakijwa. "Wote mlikuwa mnatazama kiduara. Nisingeuonyesha ugonjwa, mngetibu nini?"

"Mimi," akasema Hizza. "Kuonyesha jipu si kulipasua. Mwalimu angelijua folda lile mpaka leo, na mpaka leo tungekuwa tunasubiri."

"Mimi," akasema Bi Shangwe. "Mmoja anaujua ugonjwa, mmoja ana dawa, wote wawili wameketi. Na onyo lililoko kwenye jalada lina jina langu, si lenu."

"Picha za muhuri alipiga nani, dada?" akauliza Hizza.

"Nilipiga. Na nani alitwambia mwaka mzima kwamba ni umeme?" Kisha akamgeukia Nakijwa. "Na wewe, Mwalimu. Mke wa mwenzetu Mzee Mdoe alipozikwa, tangazo likachelewa kusomwa, tukafika kaburi limekwisha kufukiwa. Nani alisimama hapa akataka Matangazo yafunguke kwanza kwa kila mtu?"

"Mimi," akasema Nakijwa. Alimkumbuka Mzee Mdoe akiwa peke yake na koleo, na hakujuta kusimama siku ile.

Mkuu akakohoa. "Nami msinisahau. Ningekuwapo, ningekataa. Kwa hiyo safari yangu ndiyo iliyotengeneza posta."

Hakucheka mtu, maana wote aliwaajiri yeye.

"Nyumba ninayo tayari," akaendelea. "Lakini msipokubaliana sasa hivi, hii itakuwa ya wageni wangu."

Watumishi wakagawanyika, wengine kwa huyu, wengine kwa yule. Hizza ndiye aliyechoka kwanza.

"Mwalimu," akasema, "wewe huwa hudanganyi hata udongo. Taja mtu mmoja. Tutakubali."

Bi Shangwe akaitikia kwa kichwa. Chumba kikamtazama Nakijwa. Kule juu mama yake alikuwa kitandani, na kesho ilikuwa siku ya kliniki. Akijitaja, hatasema uongo. Akimtaja Hizza, hatasema uongo. Akimtaja Shangwe, hatasema uongo.

Haya, mlioketi hapa, mmesikia wote. Nakijwa aliona, Hizza aliweza, Shangwe alithubutu, na Mkuu ameshaunyoosha mkono kuuchukua ufunguo wake. Semeni kabla hajaufikia: je, nyumba ile ilimstahili nani?