Boga la Mashavu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa boga.

Boga la nani?

Tulieni, mtajua. Wadogo kaeni mbele, wakubwa nyuma, na anayetafuna ameze kwanza. Hadithi hii nimeipokea kwa bibi mzaa mama, Bi Riziki binti Shomari, naye aliipokea kwa mama yake. Naisimulia kama nilivyopewa. Siongezi wala sipunguzi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima na kupika kama sisi, palikuwa na ndege mmoja, kanga, mwenye madoadoa mwili mzima. Wanyama walimwita Bi Kanga. Hakuwa na mtoto. Kila alipotaga, kenge alikuja akala mayai. Alitaga tena, kenge akala tena. Mwisho Bi Kanga akawaambia wenzake:

"Mimi sina wangu. Nileteeni wenu niwalee mnapokwenda shamba."

Wakamletea. Digidigi akaleta mtoto wake, Nungunungu akaleta mtoto wake, na Ngedere, aliyefiwa na mkewe, akaleta binti yake wa pekee. Jina lake Mashavu.

Bi Kanga alikuwa na shamba dogo la maboga kando ya mto, na kwa maboga hayohayo aliwafundisha watoto. Alipasua boga moja akawaweka duara.

"Papaseni. Nje likoje?"

"Gumu, Bibi!"

"Na ndani?"

"Linateleza, Bibi! Lina nyuzi!"

"Kama makamasi ya Nungunungu," akasema mtoto wa Digidigi.

"Na wewe je, macho kama vikombe!" akajibu mtoto wa Nungunungu.

"Haya, basi," akasema Bi Kanga. "Mikono ndani, tutoe mbegu."

Wakatoa mbegu, wakazihesabu kwa wimbo. Kila mtoto alipewa mbegu tatu, akaziweka chini moja moja huku akiimba:

*Boga, boga, lina nini?*
*Lina mbegu tumboni.*
*Moja yangu, ya pili yako,*
*Ya tatu ya nani?*
*Ya tatu ya asiyekuja,*
*Tumwekee mpaka aje.*

Wengine walipofika kwenye ya tatu walitaja shangazi, au mjomba aliye mbali. Mashavu kila siku alisema, "Ya tatu ya baba."

Maana tangu siku ya kwanza Ngedere hakufika tena pale. Alimwacha mtoto njiani asubuhi, akaenda kulala juu ya mti. Kulima alikuona kazi, kupika alikuona kazi, na kumsikiliza mtoto alikuona kazi kubwa kuliko zote.

Sasa sikilizeni desturi ya Bi Kanga, kwa sababu hadithi yote imekaa hapo.

Maboga yalipokuwa machanga, kila mtoto alichagua lake, akalichora kwa mwiba. Kisha akaipaka alama ile tope, jua lisije likaipasua. Boga lilikua, na alama chini ya tope ikakua pamoja nalo. Maboga yalipokomaa, ilikuja siku ya kuosha. Wazazi wote walikuja, kila mmoja na chakula alichopika. Mzazi alishika boga, mtoto akamwagia maji, tope likaondoka, na wote wawili wakaona kwa mara ya kwanza mchoro ulivyokuwa mkubwa.

Mashavu alichora kwa muda mrefu, ulimi nje.

"Umechora nini, mjukuu wangu?"

"Baba. Anacheka."

Jioni ile akamwambia baba yake, "Baba, njoo uone nilichokichora kabla sijakipaka tope."

"Kesho," akasema Ngedere.

Mashavu akapaka tope.

Boga likakua, likawa kubwa kama kichwa cha mbuzi. Mashavu akamwambia baba yake, "Baba, njoo uone boga langu, linashinda ya wenzangu yote."

"Kesho," akasema Ngedere.

Boga likakua, likawa kubwa kama chungu cha arusi. Mashavu akamwambia baba yake, "Baba, kesho ndiyo siku ya kuosha. Kila mtoto na mzazi wake, na kila mzazi na chakula chake."

Safari hii Ngedere hakusema kesho, kwa sababu siku yenyewe ndiyo ilikuwa kesho. Alitazama jikoni kwake. Chungu kimefunikwa, na ndani hamna kitu. Akaona haya. Akawaza, "Nitakwendaje mikono mitupu mbele ya Digidigi na Nungunungu? Watanicheka." Angeweza kwenda kuomba mihogo kwa jirani. Angeweza hata kwenda bila kitu. Lakini haya ya mvivu haimpeleki kwenye kazi. Ilimpeleka kwenye hila.

Mashavu alipokwenda kuteka maji, Ngedere akashuka shambani kwa Bi Kanga. Maboga yote yalikuwa yamepakwa tope, hakuna aliyeweza kujua lipi la nani. Akachukua lililo kubwa kuliko yote. Hakuligeuza. Hakulifuta.

Akalipeleka nyuma ya nyumba yake, akalitoboa chini, akakomba nyama na mbegu zote akazitupa majanini. Akatoboa macho mawili na kinywa chenye meno. Akalivaa kichwani. Akajitazama kwenye maji ya mtungi, mwenyewe akaruka kwa hofu.

"Vizuri," akasema.

Asubuhi Mashavu akajipaka mafuta, akamwita. "Baba, twende!"

"Tangulia, mwanangu. Nitakuja."

Na kweli alikuja.

Kwanza alifika kwa Digidigi. Mama Digidigi alikuwa akipakua viazi vya kupeleka kwenye kuosha. Akasikia mlangoni sauti nzito, ya ndani ya boga:

*Zimwi mimi, zimwi mimi,*
*Macho matupu, kinywa wazi!*
*Nipe shibe yangu*
*Nikupe mgongo!*

"Yallah!" akapiga kelele Digidigi. Akaacha viazi, akatokea dirishani, akaingia kichakani. Ngedere akacheka ndani ya boga, akabeba viazi.

Pili alifika kwa Nungunungu. Mzee Nungunungu alikuwa akionja uyoga wake kama umekolea chumvi. Akasikia:

*Zimwi mimi, zimwi mimi,*
*Macho matupu, kinywa wazi!*
*Nipe shibe yangu*
*Nikupe mgongo!*

"Chukua! Chukua na mwiko!" akasema Nungunungu, akajikunja akawa mpira wa miiba, akabingirika hadi bondeni. Ngedere akabeba uyoga.

Chakula kilikuwa tayari kinatosha. Angevua boga hapo, angefika kwenye kuosha kama wazazi wengine. Lakini alikwisha kuonja utamu wa kuogopwa, na alijua kwa Bi Kanga kuna chungu kikubwa cha maboga ya nazi.

Njiani mvua ikanyesha. Huku kwetu ilikuwa rasharasha tu, ila juu milimani ilikuwa kubwa, na mto ukaanza kujaa. Mvua ile ikaosha tope lililokuwa nyuma ya boga. Ngedere hakujua. Nani anaona kisogo chake?

Kwa Bi Kanga watoto walikuwa wamekaa kibarazani na maboga yao, wakingoja wazazi. Mashavu alikuwa na kikonyo kilichokatwa tu, amekishika mkononi, na machozi yamemkauka usoni.

"Usilie," Bi Kanga alikuwa akimwambia. "Baba yako akifika tutalitafuta pamoja."

"Wasianze kuosha, Bibi, mpaka baba afike."

"Hawataanza."

Hapo likatokea zimwi.

*Zimwi mimi, zimwi mimi,*
*Macho matupu, kinywa wazi!*
*Nipe shibe yangu*
*Nikupe mgongo!*

Watoto wakatawanyika. Bi Kanga akaruka hadi juu ya paa, akiita kwa kelele majina yao mmoja mmoja waingie ndani. Mashavu akajificha nyuma ya mtungi. Zimwi likabeba chungu cha maboga ya nazi. Kisha, kama lilivyoahidi, likatoa mgongo.

Mashavu akaona.

Kule nyuma ya kichwa cha zimwi palikuwa na uso mwingine. Macho mawili, mashavu makubwa, na kinywa kinachocheka. Ulikuwa umekua kama Bi Kanga alivyosema utakua.

Hofu ikamtoka mtoto yule. Akatoka nyuma ya mtungi.

"Hilo ni boga langu! Lirudishe! Baba yangu anakuja kuliona!"

Ngedere akaitambua sauti ya mwanawe. Moyo ukamwambia, "Vua." Haya ikamwambia, "Ukivua, atakuona mwizi mbele ya wenzake wote." Akasikiliza haya. Akakimbia.

Mashavu akamfuata.

Ngedere akafika mtoni, penye gogo la kuvukia. Gogo lilikuwa limelowa, na maji yalikuwa yakiligusa. Akavuka mbiombio. Nyuma yake mtoto akapanda gogo.

"Ewe zimwi, ngoja! Chukua chakula chote! Nirudishie baba yangu tu!"

Ngedere akaenda. Mara sauti ikakatika. Ndani ya boga kila kitu kinasikika kwa mbali, na kishindo cha maji alikisikia kama jiwe lililodondoka mahali fulani. Akajisemea, "Afadhali, amerudi kwa bibi yake."

Akafika nyumbani. Boga lilikuwa limemkaza. Akaligonga kwenye jiwe, likapasuka vipande viwili. Hakuvitazama. Akapanga chakula. Akamtengea Mashavu kipande kikubwa cha boga la nazi, akakifunika na jani, akajiambia, "Akirudi nitamwambia nilichelewa kwa sababu ya kumpikia." Akangoja.

Akangoja.

Katika kungoja akainama kuokota vile vipande akavitupe. Akakigeuza kimoja. Uso ukamtazama, unacheka. Akautambua kwa lile jino la mbele lililovunjika, alilolivunja yeye mwenyewe siku alipoanguka mtini, na Mashavu akacheka hadi akalia.

Ndipo akamwona Bi Kanga anakuja. Haruki, anatembea. Amelowa hadi kifuani.

"Ngedere," akasema, "keti chini."

"Mwanangu yuko kwako?"

"Keti kwanza."

"Bi Kanga, mwanangu yuko kwako?"

"Tumemtoa mtoni. Hapumui."

Ngedere hakulia mara moja. Alibaki na kipande cha boga mkononi. Bi Kanga akakiona, akaviona viazi vya Digidigi na uyoga wa Nungunungu, akaelewa yote. Wenzake baadaye walimwuliza kwa nini hakumdonoa macho. Alisema, "Nimepoteza mayai mengi kwa kenge. Sijapata kumwona kenge akiomboleza yai. Yule niliyemwona alikuwa anakufa amekaa."

Ngedere akauliza, "Alisema nini?"

"Alisema wenzake wasianze kuosha mpaka ufike."

Hapo ndipo alipolia. Mlio ule haukuwa wimbo wala maneno, na mnaweza kuusikia hadi leo mkipita karibu na msitu.

Wakamzika Mashavu penye shamba la maboga. Digidigi alikuja, Nungunungu alikuja, na hakuna aliyetaja chakula chake. Watoto walileta maboga yao ambayo hayajaoshwa. Bi Kanga akawaambia wayaoshe pale, wakayaosha kimya, bila wimbo. Kisha akamwuliza Ngedere:

"Mbegu za boga lake umeziweka wapi?"

"Nilizitupa."

Wakaenda nyuma ya nyumba kuzitafuta. Siafu walikuwa wamekwisha kuzibeba. Wakatafuta hadi walipoona moja tu, imenasa kwenye jani.

Bi Kanga akaitia mkononi mwa Ngedere. "Hii ndiyo ya tatu," akasema. "Alikuwekea siku nyingi."

Ngedere akaipanda penye kaburi. Ikaota, ikatambaa, ikazaa. Siku boga lilipokomaa alikuja na maji, akaliosha, akaligeuza kila upande. Halikuwa na alama. Msimu uliofuata akageuza tena. Alipozeeka wakaja ndugu zake na watoto wa ndugu zake, nao wakageuza.

Ndiyo maana ngedere akiingia shambani kwako hachukui boga la kwanza akaenda zake. Hulishika, huligeuza huku na huku, huliacha, hushika lingine. Watu husema ni mharibifu, wengine husema anachagua tamu. Bibi yangu alikuwa akiwaona anasimama tu mlangoni na ungo wake, hawarushii jiwe. Anasema, "Waacheni, wanatafuta."

Basi mafunzo ni haya. Mtoto akikuita uone alichokifanya, nenda siku ileile, hata mikono yako ikiwa mitupu. Anakuita wewe, hakuiti chakula chako. Na mtu mzima asijivike uso wa kutisha mbele ya watoto, kwa maana hajui ni mtoto gani atakayekuwa jasiri wa kumfuata.

Paukwa nimeifunga, na uzi wake nimeukata. Aliyelia ajifute, aliyesinzia asimuliwe na jirani yake. Nawauliza mara ya mwisho kabla hatujanyanyuka:

Boga la nani?

*La Mashavu.*

Mbegu ya tatu je?

*Ya asiyekuja.*

Tumwekee.