Marehemu Adai Ufunguo Wake

Kabla matanga ya Mhando hayajaanuliwa, kaka yake Sekiondo, tajiri aliyetanguliza tumbo kuliko machozi, alimpokonya mjane ufunguo wa nyumba na kumtupia vyombo uani.

Nyamizi, mtani wa ukoo, akavaa kanzu na kofia ya marehemu kama desturi ya watani msibani, akachechemea na kukohoa kama yeye alivyokuwa. Waombolezaji wakavunjika mbavu.

“Kaka, mimi nani?”

Sekiondo, asije akaambiwa amenunia utani, akapaza sauti: “Mhando mwenyewe! Nani asiyemjua ndugu yangu?”

“Wazee hawa wamesikia?”

“Dunia nzima isikie!”

“Ahsante, kaka.” Nyamizi akakinga kiganja. “Basi lete ufunguo wa nyumba yangu. Mke wangu amekaa juani.”