Mkeka wa Bosi Semboja

Bosi Semboja alimvuta pembeni kipa Singano, akamtia noti mfukoni. "Laki tano hizo. Nimebeti kesho mtafungwa matatu. Mkeka wangu ukichanika, utanitambua!"

"Ondoa shaka, bosi. Hauchaniki."

Mechi iliisha bila bila. Semboja akaingia uwanjani mbio, akamkunja Singano jezi. "Nirudishie laki tano yangu!"

Polisi wa zamu akaja kuamulia. "Laki tano ya nini?"

Semboja akaiachia jezi.

"Ya mkeka, afande," Singano akajibu, akachomoa nyuma ya goli mkeka mpya wa ukili. "Ukague, bosi, haujachanika popote. Au ile hela ilikuwa ya kitu kingine?"

"Hapana, ni ya mkeka," Semboja akasema, akaukumbatia.

Polisi akaupapasa, akatikisa kichwa. "Laki tano? Bosi, umepigwa."