Kiganja cha Baba Ngomeni

Wahenga walipotuonya juu ya ufa, hawakuwa na maana kwamba ufa ni kitu cha kutisha. Lau ungekuwa wa kutisha, kila mtu angeukimbilia, na methali isingehitajika. Ubaya wa ufa ni kwamba haumnyimi mtu usingizi. Zein wa Lamu anaweza kulitolea ushahidi jambo hili, ingawa ukimtajia huinamisha kichwa.

Zein alikuwa dereva wa watalii mjini Dubai. Kila Ijumaa aliwapeleka wageni kwenye magofu ya ngome iliyojengwa jangwani katika karne za mwanzo za Uislamu. Wageni walipiga picha, wakanywa maji, wakarudi garini. Zein mwenyewe alikuwa na lake pale. Kwenye ukuta wa mashariki, chini ya dirisha, palikuwa na alama ya kiganja kilichogandamizwa kwenye chokaa ilipokuwa mbichi. Kilikuwa kiganja cha baba yake. Baba na mdogo wake, Marhun, walikuwa mafundi wa chokaa, na ndio walioukarabati ukuta ule miaka ishirini nyuma. Ilikuwa ada yao kuacha alama ya mkono pale walipomalizia kazi. Mwaka uleule baba alishikwa na homa, akafariki, akazikwa hukohuko Dubai. Zein alikuwa Lamu, mtoto wa miaka mitatu. Hakuwa na picha ya baba yake wala hakuikumbuka sauti yake. Basi kila alipofika ngomeni aliweka mkono wake juu ya kile kiganja, kidole juu ya kidole. Vililingana kabisa, ila kidole cha mwisho cha baba kilipinda kidogo.

Januari ya mwaka 2016 aliona ufa juu ya kile kiganja, mwembamba kama uzi. Akaupiga picha, na jioni akamwonyesha Mzee Marhun katika chumba walichokaa pamoja mtaani Satwa. Mzee aliisogeza simu karibu na macho.

"Maji yakiingia hapa, chokaa yote itabanduka," alisema. "Waulize wenyewe kama wataniruhusu nikauzibe. Ni kazi ya asubuhi moja."

Mhandisi wa ngome alikubali bila kusita, maana mafundi wake walijua saruji tu. "Mlete mzee Ijumaa yoyote," alisema. Siku hiyohiyo Mzee Marhun alitafuta chokaa, akailoweka kwenye ndoo na kuiweka kando ya mlango.

Ijumaa ya kwanza gari lilijaa watalii. "Ijumaa ijayo, inshallah, ami," Zein alisema. Ya pili kulikuwa na harusi ya rafiki huko Al Nahda. Ya tatu alikuwa amechoka tu, tusifichane. "Ijumaa ijayo, inshallah." Na hapa niseme ukweli hata kama utauma: baadhi yetu watu wa pwani tumeligeuza neno hilo tukufu kuwa adabu ya kukataa. Mzee naye hakumsukuma. Alijibu, "Inshallah, mwanangu," kisha akaongeza maji kwenye ndoo ili chokaa isikauke. Zein aliiruka ndoo ile kila asubuhi akienda kazini.

Linus, mlinzi wa ngome, Mkenya wa bara, alimwuliza waziwazi. "Huyo mzee anakuja lini? Ule ufa sasa unaingia kidole."

"Wiki ijayo, kaka, inshallah."

"Wewe na inshallah yako," Linus alisema, akafunga lango.

Mwezi wa Machi mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, mvua ambayo mji ule haukuizoea, hata barabara zikajaa maji. Siku ya tatu Zein hakungoja Ijumaa. Alimpandisha mzee garini pamoja na ndoo yake. Linus aliwafungulia lango bila utani. "Pole, ndugu yangu," alisema.

Ukuta wa mashariki ulikuwa umelala chini, rundo la mawe na tope jeupe. Zein alipiga magoti, akachakura. Aliokota kipande kimoja chenye alama ya kidole kilichopinda. Alipojaribu kukipangusa, kilimong'onyoka mkononi kama mkate uliolowa. Hapo akalia, mtu mzima, mbele ya mlinzi na ami yake.

"Nisamehe, ami."

"Nimekusamehe," mzee alisema, naye machozi yanamtoka. "Lakini mimi niliishi na kaka yangu tangu utoto hadi ukubwani. Wewe ulikuwa na huo mkono tu." Akaitazama ndoo. "Chokaa nilijua kuingojesha. Ukuta sikujua."

Mhandisi aliwaruhusu waujenge upya. Zein, aliyekosa asubuhi moja, sasa alitoa Ijumaa kumi na moja. Alibeba mawe, akachanganya chokaa, akapaka na kubandua na kupaka tena, huku mzee akimwelekeza kutoka kwenye kigoda. Mikono ikamchubuka. Mwishowe ukuta ukasimama, mweupe na imara.

"Weka chako sasa, ndiyo ada," mzee alisema.

Zein aligandamiza kiganja chini ya dirisha, na kwa makusudi akakipinda kidole cha mwisho. Akarudi nyuma, akatazama kwa muda mrefu. Mkono ulikuwa wake tu. Alikwenda kunawa, na tangu siku ile hajaugusa tena ukuta ule, japo wageni bado anawapeleka.

Ami yake alikusanya vyombo vyake, akamfuata garini polepole, akasema lile ambalo Zein alikwisha kulijua kwa mikono yake miwili: usipoziba ufa, utajenga ukuta.