Mpishi Aonje Kwanza

Kulikuwa na mama mmoja mpika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, huko juu migombani, ambaye sifa zake zilivuka mto. Ulezi aliuchagua mwenyewe, ndizi alizichemsha mwenyewe, na watu wakisikia kwamba yeye ndiye aliyepika, waliwahi viti kuliko mnavyowahi hapa kanisani. Msicheke, nawajua.

Sasa desturi yetu mnaijua. Mpishi hakupi kata mpaka aonje mbele ya macho yako. Apige funda, ameze, ndipo nawe unywe roho ikiwa imetulia, maana dunia ina wabaya. Mama huyu alionja kila pipa lilipofunguliwa. Mgeni akichelewa, naye alitaka aonjewe kata yake, kwa hiyo akaonja tena. Hakuwahi kuyumba hata siku moja, na ungemwita mlevi, angekuja kukushtaki kwa mchungaji.

Mimba yake ya kwanza aliibeba katika kazi hiyo mpaka akajifungua. Alipata binti, mzuri wa sura, lakini hakutulia. Darasani alishindwa kukaa, usingizini alishtuka. Na magonjwa je? Mafua yaliyowapitia wenzake tu, kwake yalishuka kifuani yakafanya makao. Mama alimbeba kwenda zahanati, akarudi, akaenda tena. Wengine walisema ni husuda ya majirani, wengine wakasema ni damu ya ukoo wa baba. Yeye hakujua ashike lipi. Mtoto akikohoa chumbani, yeye jikoni aliuweka mwiko chini.

Alipopata mimba ya pili akaenda kliniki, binti amemlalia begani na homa yake. Daktari akamwuliza kuhusu pombe.

"Mimi sinywi, daktari. Huonja tu."

"Hata ulipokuwa na ujauzito wa huyu?"

"Si ndiyo kazi yangu? Nisipoonja, nani atakunywa?"

Daktari hakumkemea. Akamweleza taratibu kwamba pombe anayoimeza mama humfikia mtoto tumboni. "Ndani ya ubongo wa mtoto kuna chembe za ulinzi," akasema. "Pombe inaweza kuzishtua, zikawaka kana kwamba adui ameingia, na ubongo ukaumia kwa moto wa walinzi wake wenyewe. Mtoto akishazaliwa, walinzi hao huenda wasitulie. Hata kinga ya mwili inaweza kukua na kasoro. Ugonjwa ukija, inachelewa, au inapigana kupita kiasi."

Mama akamtazama binti yake. "Kwa hiyo ni mimi?"

"Siwezi kukuapia kwamba homa za huyu zimetoka huko. Ila huyu wa tumboni tunaweza kumlinda. Usionje tena hata tone."

Jamani, mama yule alirudije nyumbani? Maana kesho yake koo mbili zilizogombana miaka mingi kuhusu mpaka wa kihamba, shamba la migomba la ukoo, zilikuwa zinapatana uani kwa baba mkwe wake, na pipa la mapatano lilikuwa tayari. Hakulala vizuri. Asubuhi alitaka kumwambia mumewe, akamkuta anapanga viti. Akataka kumwambia mama mkwe, akamkuta amezungukwa na wageni. Akaingia jikoni, akatoka, akaingia tena.

Saa ikafika. Baba mkwe akamwita mbele ya wote. "Onja, mwanangu, wenzetu wana kiu."

"Baba, naomba leo mwingine aonje. Nina mimba."

Mzee wa ukoo wa pili akaweka kata yake chini. "Mpishi anayeikataa pombe yake ana jambo," akasema. "Sisi tulijua mna hila. Twendeni zetu."

Watu wakaanza kusimama. Baba mkwe akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Funda moja tu, mwanangu. Utavunja amani ya watu wote hawa?"

Akamtafuta mumewe kwa macho. Mumewe alikuwa anatazama viatu vyake.

Mnataka kujua kama alikunywa? Alikunywa. Akameza huku mkono mmoja ameuweka tumboni. Wakapiga makofi, wakaketi, wakanywa, wakakumbatiana, na ugomvi wa mpaka ukaisha.

Naona akina mama wengine wananung'unika: mbona alikubali? Hapana, wapendwa. Leo sikuja kumhukumu yule mama, analia vya kutosha. Nauliza habari za wale waliokaa kwenye viti. Uani palijaa wanaume wenye afya zao, na kila mmoja aliogopa sumu isije ikaingia tumboni mwake. Wakampa nani aipime? Mtoto ambaye hata kuzaliwa bado. Hao ni sisi. Tunamwambia mjamzito "funda moja tu", kisha mtoto akiugua tunamwuliza mama yake alikula nini. Amani gani hiyo tunayoinunua kwa ubongo wa mtoto, sisi wazima tukibaki na matumbo salama?

Jumapili ijayo tuna kipaimara, na mbege itapikwa, mkubali msikubali. Wapishi wetu mnawajua, na hali zao mnaziona. Kwa hiyo nawauliza ninyi wazee wa kanisa mlioketi benchi la mbele. Kata itakapoletwa, na mama akasimama pale na tumbo lake, nani kati yenu atanyanyuka aseme, "Weka chini, mwanangu, nitaonja mimi"?

Nasubiri. Sishuki mimbarani mpaka nimsikie mmoja.